Hivi "mtaa" ni barabara au ni eneo? Nimerudishiwa fomu

Mpangaji wa Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Juzi nilikuwa nafuatilia karatasi zangu kwenye ofisi moja hapa Dar. Fomu ina mstari umeandikwa "Mtaa". Bila kuwaza nikajaza jina la kibao kilichoko kona ya kwetu, vile vilivyosimikwa 2022 kwenye operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti. Kibao chenyewe kimeandikwa "Mtaa wa" halafu jina. Mama wa dirishani akasoma, akanirudishia: "Kaka, hii barabara. Nataka mtaa." Nikamwambia, mama, mbona kibao kinasema mtaa? Akanitazama juu ya miwani: "Hicho kibao kina mwenyekiti?" Foleni nzima ikacheka, nami nikatoka.

Kwenye daladala nikawa najiuliza. Kariakoo kuna Mtaa wa Sikukuu, Mtaa wa Congo, Mtaa wa Mchikichi, na zote ni njia za kupita watu na mikokoteni. Lakini mwenyekiti wa mtaa anaongoza eneo zima, nyumba kwa mamia. Tukisema "yule binti wa mtaani kwetu" hatufikirii lami. Sasa maana ipi ilitangulia? Na neno lenyewe limetoka wapi? Rafiki yangu mmoja anaapa kuwa limetokana na "taa".

Kandili Mbovu

Rafiki yako yuko sahihi mkuu. M-taa, yaani palipowekwa taa. Mkoloni alipoleta taa za barabarani, penye taa pakaitwa mtaa, pasipo na taa pakabaki kijiji. Uzi ufungwe.

Bibi Kamusi

Usifungwe kwanza mwanangu. Kwa hesabu hiyo huku kwetu Mbagala tungekuwa hatuna mtaa hata mmoja.

Miji ya pwani ilikuwa na mitaa karne nyingi kabla ya nguzo ya kwanza ya taa kusimama. Halafu tazama lugha yenyewe inavyojenga majina ya mahali. Penye mkunazi tunasema Mkunazini, penye daraja Darajani, penye forodha Forodhani. Penye taa pangekuwa "Taani". Ukichukua jina la kitu ukalibandika m- mbele, mara nyingi unapata mti: nazi, mnazi, chungwa, mchungwa, embe, mwembe. Kwa mtindo wako, mtaa ni mti unaozaa taa.

Na kabla hajaja wa kusema ni Kiarabu, maana huwa hakosekani: Waarabu sehemu ya mji wanaiita *hara* au *mahalla*. Nizwa kule Oman kuna hara ya Al-Aqr, ya zamani sana. Tungekopa kwao leo tungekuwa na mwenyekiti wa hara. Tulichochukua ni "mahali", ndugu yake huyo mahalla, tena tukampa upatanisho wake peke yake: mahali hapa, mahali pale.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaliweka "mtaa" kuwa sehemu ya mji. Eneo. Kwa hiyo yule mama wa dirishani kamusi iko upande wake.

Kandili Mbovu

Mti unaozaa taa 😂😂 Bibi umeniua. Naondoa hoja, ila jina langu silibadilishi.

Mwana wa Langoni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika kutoka Lamu, na swali hili kwetu halina utata kabisa.

Mui (mji) wa Lamu tangu jadi una pande mbili: Mkomani kaskazini na Langoni kusini. Ndani ya pande hizo mna mitaa midogo midogo, kila mmoja na msikiti wake na watu wake. Mkomani ndiko kwenye majumba ya mawe ya kale, milango ya nakshi, wenyewe wakijihesabu ndio waungwana wa mui. Langoni zilikuwa nyumba za makuti, wakafikia wageni, wakiwamo masharifu waliotoka Ngazija. Habib Swaleh, mmoja wa masharifu hao, aliposimamisha msikiti wa Riyadha aliusimamisha Langoni, na hilo lilikuwa na maana yake kwa watu wa zama zile. Mtu akikwambia "mimi wa Mkomani" hakukuelekeza nyumba. Amekwambia yeye ni nani, huswali wapi, na kwenye mashindano ya ngoma yuko upande gani.

Sasa njia. Lile barabara kuu linalopita katikati ya mui twaliita *Usita wa Mui*, na la ufukweni *Usita wa Pwani*. Usita ndio njia iliyopangwa majumba kulia na kushoto. Kijinjia chembamba ni kichochoro, na juu yake waweza kukuta wikio, chumba kilichojengwa kuvuka njia kuunga nyumba mbili, mara nyingi za jamaa wamoja. Tuna maneno yote hayo ya njia na hakuna hata moja liitwalo mtaa. Usita hupita ndani ya mtaa. Mtaa hauwezi kupita mahali, umekaa.

Mpangaji wa Kona

"Mtaa hauwezi kupita mahali, umekaa." Nimeinakili hii. Asante sana kaka, neno "usita" ndiyo kwanza nalisikia.

Binti Mkunazini

Unguja vivyo hivyo. Mji Mkongwe una Shangani, Malindi, Kiponda, Sokomuhogo, Vuga, Baghani, Kajificheni (jina hilo nalipenda, kama mtu anakuamrisha ukajifiche). Zote mitaa. Njia zenyewe ni uchochoro tu, na nyingi zimeishi miaka na miaka bila jina, kwa sababu hapana aliyelihitaji. Mgeni akipotea anaulizwa: unakwenda kwa nani?

Ukivuka lilipokuwapo daraja unaingia Ng'ambo: Michenzani, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Rahaleo. Ile hori ilifukiwa zamani lakini jina limebaki, watu wanakwenda "ng'ambo" kwa miguu mikavu.

Ila kwetu serikali haikulichukua neno mtaa. Ngazi ya chini ni shehia, na mkubwa wake ni sheha. Sheha ni cheo cha kale visiwani, kilikuwapo tangu enzi za Mwinyi Mkuu, mtawala wa kale wa Unguja, kwa hiyo walichofanya ni kuchukua cheo cha wazee wakakitilia muhuri. Mtaa umebaki mali ya watu wenyewe. Hakuna anayejua mpaka wake kwa hatua, na hakuna asiyeujua.

Msee wa Eastlands

Wadau, huku Nairobi mambo ni tofauti kidogo. Mtaa kwetu ni yale makazi yaliyojengwa kwa pamoja: Buruburu ni mtaa, Umoja ni mtaa, Donholm ni mtaa. Kwenye habari utasikia "mtaa wa kifahari wa Karen" na "mtaa wa mabanda wa Kibera", yaani neno ni moja, linabeba tajiri na maskini, kazi ya kuwatenganisha anaachiwa anayefuata. Na kwa Sheng' mtaa ni nyumbani kabisa. "Niko mtaa" ni kusema usinitafute tauni, yaani mjini kati.

Lakini Nairobi pia kuna Mtaa wa Biashara, na hiyo ni barabara iliyojaa maduka ya vitambaa, haina wakazi wa kuchagua mwenyekiti. Kwa hivyo hiyo shida ya fomu tunayo pia.

Kitu kingine kinanichanganya nikisoma nyuzi za Watanzania: kata. Kwenu kata ina diwani. Kwetu kata ni ya chifu, chini yake kata ndogo na naibu wa chifu. Mwakilishi tunayempigia kura ni wa wadi, na wadi ziko 1,450 nchi nzima. Siku moja mjomba wangu wa Arusha aliniambia amegombea kata, nikadhani anataka uchifu.

Bibi Kamusi

Kata ni rahisi kuliko zote: ni kipande kilichokatwa. Tarafa ni Kiarabu, upande. Wilaya pia Kiarabu. Diwani ndiye aliyezunguka sana. Ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu, na pwani ya Mrima kabla ya Wajerumani diwani alikuwa mtawala wa mji, mtu wa kuvaa joho na kupigiwa siwa. Leo diwani anaulizwa mtaro umeziba lini.

Kitongoji nacho kimepata mikosi Kenya. Tanzania kisheria ni sehemu ya kijiji, kina mwenyekiti wake, kina heshima zake. Nikisoma magazeti ya Nairobi naona "vitongoji duni", basi kitongoji hakina tena harufu ya mashamba.

Mwalimu wa Sauti

Nimechelewa, nilikuwa nasahihisha madaftari. Turudi kwenye swali la pili la mwanzisha uzi, chimbuko, maana Bibi Kamusi ametuonyesha halikotoka lakini hajatuambia lilikotoka.

Mimi nasema mtaa ni Kibantu asilia, na zamani lilikuwa na l katikati: *mtala*. Kiswahili kina tabia ya kuidondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili katika mzizi. Linganisheni na majirani. Njaa: Waganda wanasema *enjala*, Kilingala *nzala*. Makaa: Kilingala *makala*. Kuzaa: Kiganda *okuzaala*. Kukaa: Wakamba wanasema *kwikala*. Kila mahali wenzetu wana l, sisi tuna aa ndefu.

Sasa nendeni Busoga, mashariki ya Uganda. Kule *mutala* ni kijiji, na ndani ya mutala mna vijiji vidogo vinavyoitwa *kisoko*. Waliotafiti tawala za Busoga miaka ya 1950 wameyaandika maneno hayo mara nyingi. Mutala, toa l, unabaki na mtaa. Na maana imekaa palepale: sehemu ya nchi yenye watu wake na mkubwa wao. Hakuna barabara humo.

Kandili Mbovu

Mwalimu, mimi si mtaalamu, na kwa taa nilishasalimu amri, ila kama l inadondoka, mbona "kulala" hatusemi "kulaa"?

Mwalimu wa Sauti

Umenishika pazuri. Yapo yaliyokataa: lala, mbele, mbili. Ndiyo maana sijengi kwa sauti peke yake. Sauti ikikubali na maana ikakataa, naacha. Hapa vyote viwili vimekubali.

Shangazi Mtata

Na "mitala" je? Ndoa ya mitala, mke wa mitala. Hilo si neno lilelile na l yake bado ipo? Mume ana wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na ua wake, basi ana mitala mitatu. Wanaume mmeanzia mbali, kumbe mtaa mzima ulikuwa wa mtu mmoja.

Mwalimu wa Sauti

Shangazi, nilikuwa naomba usilitaje 😅. Watu wengi wameliona hilo na linavutia. Ugumu wake ni huu: lugha moja haina desturi ya kuidondosha l kwenye neno na kuibakiza kwenye neno hilohilo. Ukiona mawili hivyo, jua moja lilikuwa ndani ya nyumba toka mwanzo na la pili limerudi kupitia mlango wa jirani. Hata kwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia Kiswahili tunayaona: mtu anakopa neno moja mara mbili kwa sura mbili. Kwa hiyo mtaa na mitala wanaweza kuwa ndugu, lakini hawakulelewa nyumba moja.

Shangazi Mtata

Kama wake wenza.

Mzee wa Gerezani

Vijana, nimesoma yote. Mimi nimezaliwa Kariakoo, nikahamia Gerezani, naomba niseme lini mtaa ulinyooka ukawa barabara, maana hilo hakuna aliyeligusa.

Kariakoo jina lenyewe ni la kijeshi, Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi pale. Nairobi mnayo ya kwenu, Kariokor. Mji wa mwafrika ukapimwa kwa kamba: mistari imenyooka, inakatana, viwanja vya mraba. Mji wa namna hiyo, tofauti na Lamu aliyoieleza yule kijana, hauna budi kila mstari upewe jina, la sivyo karani wa kodi atapotea. Palipoandikwa kwa Kiingereza "Street" pakatafsiriwa "Mtaa", palipoandikwa "Road" pakawa "Barabara". Ndiyo maana Msimbazi ni mtaa na Morogoro ni barabara, hadi leo. Hapo neno la eneo likavishwa mstari.

Nasi wenyeji tukasaidia bila kujua. Kariakoo ya utotoni mwangu majirani zako walikuwa wale mnaotazamana barazani, ng'ambo ya mstari mmoja. Harusi, msiba, kuazimana chumvi, vyote vya mstari ule. Kwa hiyo kusema "watu wa Mtaa wa Pemba" au "watu wa Mtaa wa Nyamwezi" ilikuwa njia na watu kwa pamoja. Nyumba za baraza zimebomolewa, yamesimama maghorofa ya maduka, watu wamehamia Mbagala na Chanika, uliobaki ni mstari peke yake na jina lake. Nikipita Mtaa wa Sikukuu leo simjui mtu.

Mjini kati ilikuwa uzunguni na uhindini, huko sisi hatukuwa na mitaa ya kukaa, tulikuwa na barabara za kupita. Ile ya Samora, Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Majina manne, na sijawahi kusikia mtu akisema ametoka mtaa ule.

Bibi Kamusi

Mzee shikamoo. Umenifundisha.

Mzee wa Gerezani

Marahaba mama. Na wewe na mti wako wa taa.

Karani Mstaafu

Nyongeza ya kisheria, fupi. Serikali za mitaa zilifutwa Tanzania Bara mwaka 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982: Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji. Mjini chini ya kata kuna mtaa. Kijijini kuna kitongoji. Viongozi wake wanachaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho Novemba 2024. Chini yake zaidi kuna balozi wa nyumba kumi, au mjumbe, lakini huyo tangu enzi za TANU ni wa chama, ingawa watu humpelekea hata ugomvi wa bomba la maji. Kenya waliazima jina hilo, Nyumba Kumi, mwaka 2013 kwa ajili ya usalama.

Angalieni pia neno lilivyopanda cheo. "Serikali za mitaa" kisheria ni pamoja na halmashauri za wilaya ambazo hazina mtaa hata mmoja, vijiji vitupu. Wizara nzima, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), MI ya mwisho ni mitaa.

Mchagga wa Kibosho

Na kanisani je? Sisi Walutheri dayosisi ina majimbo, jimbo lina sharika, usharika una mitaa. Mtaa wetu uko katikati ya migomba, hakuna barabara wala taa (pole Kandili). Ni watu wanaosali pamoja kabla usharika haujawafikia. Hiyo nadhani ni ya Lamu zaidi kuliko ya Kariakoo.

Mtoto wa Birere

Habari zenu. Mimi niko Goma. Huku tunasema komini, halafu kartie, halafu avenyu. Mambo ya Wabelgiji. Mtaa tunausikia kwenye muziki wa kwenu tu. Lakini tuna kartie inaitwa Majengo, na nimeona Mombasa kuna Majengo, Moshi kuna Majengo, Nairobi kuna Majengo. Jina la mtaa limetufikia bila neno mtaa.

Digrii Kabatini

Mimi natoa ushahidi wa maana ya tatu: nimehitimu miaka miwili iliyopita, wakaniambia karibu mtaani. Hii haina mwenyekiti wala lami.

Msee wa Eastlands

😂😂 Hiyo inaeleweka hadi Nairobi.

Mpangaji wa Kona

Wakuu, mrejesho.

Leo nimerudi na fomu mpya. Kwenye "Mtaa" nimeandika mtaa, ule wa mwenyekiti. Jina la kibao nikalipeleka kwenye mstari wa "Barabara". Yule mama akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema: "Vizuri. Sasa lete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa."

Nikaenda ofisi ya mtaa. Ni chumba kimoja, benchi nje, bendera. Mwenyekiti mtu mpole, kanikaribisha. Akauliza nakaa kwa nani. Nikamtajia kibao na namba ya nyumba, ile iliyobandikwa mlangoni 2022. Akaniambia hizo namba hajazishika bado. Mjumbe wako nani? Kimya. Jirani yako wa kulia anaitwa nani? Nikasema tunamwita Baba Fundi. Fundi wa nini? Wakuu, nimepanga pale miaka sita.

Amenipa hadi Jumatatu nirudi na mtu anayenifahamu.

Shangazi Mtata

Nenda kwa anayekuuzia nyanya gengeni, baba. Huyo anajua mpaka siku ulizokopa.